Kisiwa Kimezama au Kimeinuka?

Mwezi wa pili mwaka 2016, nikiwa nimefundisha Jiografia kwa miaka 11, niliandika ubaoni orodha mbili kama nilivyokuwa nikiziandika kila mwaka. Upande wa kushoto niliweka sura za pwani iliyozama, na mfano wake ukawa Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, ambayo ni bonde la mto lililomezwa na bahari. Upande wa kulia nikaweka sura za pwani iliyoinuka, na mfano wake ukawa majabali ya matumbawe ya Mombasa, ambayo yamesimama juu ya maji ilhali matumbawe hukua chini ya maji. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu walinakili kimya kimya, isipokuwa mvulana mmoja, mwenyeji wa Mji wa Kale, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha. Aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, Kilindini na hayo majabali si hapa hapa? Sasa kisiwa hiki kimezama au kimeinuka?"

Darasa lilicheka, nami nikacheka nao ili nipate muda. Kisha nikampa jibu ambalo kila mwalimu analijua na hakuna anayejivunia kulitoa: andika kama ilivyo kitabuni, tutalirudia baadaye. Hatukulirudia. Juma lililofuata tulikuwa tumeshaingia katika mada nyingine, na mvulana yule hakuuliza tena swali lolote hadi mwisho wa muhula. Kunyamaza kwake kulinisumbua kuliko swali lenyewe.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nilijitia katika shahada ya uzamili nikiwa na umri wa miaka 36, nina watoto wawili, na mshahara wa mwalimu ni ule ule unaojulikana. Haikuwa kwa ajili ya cheo, kwa kuwa mwajiri wetu siku hizi hampandishi mtu daraja kwa sababu tu ameleta cheti kipya. Watu wa nyumbani niliwaambia kwamba nataka kujiendeleza, nao wakaridhika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimegundua kuwa ninaishi juu ya jiwe nisilolijua, na kwamba nimelifundisha jiwe hilo kwa miaka 11.

Nilipoanza kutafuta mahali pa kusoma, jambo la kwanza lililonishangaza ni jinsi elimu ya sayansi ya dunia inavyohesabiwa tofauti katika nchi mbalimbali. Nchini Marekani, viwango vipya vya ufundishaji wa sayansi vilivyotolewa mwaka 2013 vinaiweka sayansi ya dunia na anga bega kwa bega na fizikia na elimu ya viumbe, na vipo vyuo vikuu vyenye shahada ya uzamili mahsusi kwa walimu wa somo hilo. Chuo Kikuu cha Mississippi State, kwa mfano, huwafundisha walimu walioko kazini kwa njia ya mtandao, kisha hukutana nao nyanjani wakaishika miamba kwa mikono. Nilizisoma kurasa hizo usiku kama mtu anayetazama vito dukani, nikabadilisha dola kuwa shilingi, nikafunga kompyuta. Kwetu sayansi ya dunia haina chumba chake; imepanga ndani ya Jiografia, na Jiografia yenyewe, katika mpango mpya wa shule za upili za juu, imewekwa katika mkondo wa sayansi za jamii. Kwa hiyo mwalimu anayewaeleza watoto wa Kenya kwa nini ardhi hutetemeka mara nyingi ni mtu kama mimi, aliyesomea Jiografia na Kiswahili, ambaye kozi yake ya mwisho ya miamba ilikuwa ya muhula mmoja tu, tena alipokuwa na umri wa miaka 20.

Hatimaye nilijiandikisha katika chuo kimoja cha humu nchini chenye mpango wa walimu, ambapo masomo hufanyika wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Shahada ilikuwa ya elimu, lakini ilituruhusu kuchukua baadhi ya kozi katika idara ya jiolojia, na huko ndiko nilikoaibishwa vizuri. Kuhusu malazi, ada, na chakula cha bwenini cha watu wazima sina haja ya kueleza; kila mwalimu aliyesoma likizoni anayajua, na ambaye hajasoma hatanisadiki.

Safari yenyewe, hata hivyo, lazima niisimulie. Mara za kwanza nilisafiri kwa basi la usiku na sikuona chochote. Treni ya reli mpya ilipoanza mwaka 2017, nikawa nasafiri mchana kutoka Miritini, nikiwa na ramani ya jiolojia magotini, na nikagundua kwamba njia ile ni kitabu kinachosomwa kutoka ukurasa wa mwisho kwenda wa kwanza. Unaacha nyuma yako mwamba wa matumbawe, ambao umri wake ni mdogo kabisa ukilinganishwa na wa dunia. Unaingia katika udongo wa mfinyanzi uliokuwa jiwe laini la tope la baharini, la zama za Jurasiki, ambamo hupatikana visukuku vya amonaiti, wale wanyama wenye gamba la kujikunja kama pembe ya kondoo. Kisha yanakuja mawe ya mchanga ya Mazeras, yale yale tunayoyatandika nyuani mwetu na kuyakanyaga kila siku, halafu ya Mariakani, halafu ya Taru, yote mashapo ya mito na maziwa ya zamani kabla bahari hii haijakuwapo. Kufikia Voi uko juu ya miamba iliyopikwa na kukunjwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Baada ya hapo, ghafla, kitabu kinaruka kurasa: kushoto kuna vilima vya Chyulu, volkano changa ambazo chini yake huchujwa maji ya Mzima yanayofika mabombani mwetu Mombasa, na kulia kuna uwanda wa Yatta, lava iliyotambaa kwa takriban kilomita 300. Abiria wenzangu walikuwa wakitafuta tembo. Mimi nilikuwa nimeipita njia hii tangu utoto, na sikuwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja kwamba kutoka Mombasa hadi Voi amesafiri nyuma kwa nusu bilioni ya miaka.

Aibu niliyoitaja ilinipata katika juma la kwanza. Mhadhiri alituomba kila mmoja aeleze jinsi anavyowafundisha wanafunzi wake umbo la ndani ya dunia, nami nikajitolea kwa haraka kwa kuwa nilikuwa na mfano ambao niliupenda sana. Nilisema kwamba chini ya gamba la dunia kuna uji wa moto, na kwamba mabamba yanayobeba mabara huelea juu yake kama mahamri katika karai la mafuta. Wenzangu walitabasamu. Mhadhiri aliuliza neno moja tu: "Umejuaje?" Sikuwa na la kusema, kwa maana sikuwahi kujua; nilikuwa nimeambiwa na aliyekuwa ameambiwa.

Yeye akatueleza habari za mawimbi ya matetemeko. Yapo mawimbi ambayo huutikisa mwamba upande kwa upande, na mawimbi ya namna hiyo hayawezi kupita ndani ya kioevu, kwa kuwa kioevu hakishikani kiasi cha kurudi mahali pake kikisukumwa kando. Mawimbi hayo hupita katika tabaka nene lililo chini ya gamba, lile liitwalo manto, lakini hukoma yanapofika kwenye kiini cha nje. Maana yake ni kwamba manto ni yabisi na kiini cha nje ndicho kioevu. Na ndani zaidi kuna kiini kingine, ambacho mwanasayansi wa Denmark, Inge Lehmann, alikitambua mwaka 1936 kwa kufuatilia mawimbi mengine ya matetemeko yaliyojitokeza mahali yasipotarajiwa. Manto husogea, ni kweli, lakini husogea kama lami ya barabara inayobebeshwa malori wakati wa kaskazi: ukiigonga ni ngumu, ukiiacha miaka miwili inakuwa na mifereji. Nilihesabu usiku ule madarasa yote niliyoyalisha mahamri yangu, nikaacha kuhesabu nilipofika mwaka 2009.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini elimu hii inahitaji mafunzo yake yenyewe, mbali na jiolojia tupu. Mwanajiolojia anayajua mawe. Lakini mwalimu anapaswa kujua pia kilichomo kichwani mwa mtoto kabla somo halijaanza, kwa kuwa kichwa hicho hakiko kitupu. Tulifundishwa kuwauliza wanafunzi kwanza, kuwaacha wachore, na kutowasahihisha hadi tumeelewa mantiki yao. Niliporudi shuleni niliwaomba wanafunzi wangu waandike jiwe la ukuta wa nyumba za Mji wa Kale limetoka wapi. Wengine waliandika kwamba limetengenezwa na mafundi kwa chokaa na simiti. Wengine walisema lilirushwa na mawimbi makubwa. Msichana mmoja aliandika kwamba mawe hayo huota ardhini polepole kama muhogo, na nilipomwita anieleze, alisema babu yake alichimba kisima na kila alipokwenda chini alikuta jiwe lile lile. Kosa lake lilikuwa limejengwa juu ya uchunguzi wa kweli, na hata lilikuwa na ukweli ndani yake, kwa kuwa jiwe hilo kweli liliota, ila liliota likiwa hai, ndani ya maji. Miaka yote hiyo ningemwekea alama ya mkasi.

Mwaka 2018, mwezi wa tatu, ufa mkubwa ulitokea karibu na Mai Mahiu, kwenye barabara iendayo Narok, na picha zake zikazunguka dunia nzima zikiwa na maneno kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Asubuhi iliyofuata darasa langu halikutaka kusikia habari nyingine. Nakiri kwamba mwalimu niliyekuwa miaka miwili kabla angewaambia kwa furaha kwamba naam, ndivyo kitabu kinavyosema. Safari hii niliwauliza wangetaka kuona nini ili waamini. Walitaja tetemeko, hatukuwa tumesikia kwamba ardhi ilitetemeka siku ile. Mmoja akasema mvua ilikuwa imenyesha sana. Mwingine akauliza ardhi ya huko ni ya namna gani, tukapata kwamba ni majivu ya volkano, mepesi na yasiyoshikana. Kufikia mwisho wa kipindi walikuwa wamekaribia sana maelezo ambayo wanajiolojia wengi waliyatoa siku hizo: maji yalikuwa yamechimba njia chini ya majivu hadi juu pakaporomoka. Na wakati huo huo ni kweli kwamba Bonde la Ufa linapanuka, kwa milimita chache kila mwaka. Mambo mawili yanaweza kuwa kweli mahali pamoja, iwapo mtu hajasahau kuuliza kila moja linatokea kwa mwendo gani na tangu lini.

Neno hilo, lini, ndilo lililokuwa limepotea katika orodha zangu mbili za ubaoni.

Jibu la mvulana wa dirishani nililipata kwa vipande, katika kozi ya mabadiliko ya usawa wa bahari, na naliandika hapa kwa urefu kwa sababu kila mtu wa Mombasa anastahili kuwa nalo. Takriban miaka 125,000 iliyopita, dunia ilikuwa katika kipindi cha joto kinachofanana na cha sasa, au kilichozidi kidogo. Barafu ya ncha za dunia ilikuwa imepungua, na bahari ilisimama juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9. Matumbawe yalikua katika maji hayo ya kina kifupi, na sehemu kubwa ya mwamba tunaojengea na kujenga juu yake inahusishwa na kipindi hicho. Kisha dunia ilipoa. Maji ya bahari yaligeuka theluji, theluji ikawa barafu nene juu ya Kanada na Ulaya ya kaskazini, na bahari ikashuka, kwa vipindi vya kupanda na kushuka, hadi miaka 20,000 hivi iliyopita ilipokuwa chini ya usawa wa leo kwa takriban mita 120. Matumbawe yaliachwa juu, makavu, yakawa jabali.

Mito nayo haikukaa bure. Ukiutazama leo Mto Mwache au Mto Kombeni, huwezi kuamini kwamba vijito hivyo vilichimba mabonde mapana kama yale ya Kilindini na Tudor. Lakini mto hukata kuelekea mahali bahari ilipo, na bahari ilipokuwa imekimbilia chini kiasi hicho, maji ya bara yalipata mteremko mkali na yakakata mwamba wa matumbawe na tope laini lililo chini yake, maelfu kwa maelfu ya miaka. Barafu ilipoyeyuka bahari ilirudi, ikayafuata mabonde hayo kinyumenyume, ikayajaza, na kufikia miaka 7,000 hivi iliyopita ilikuwa karibu na hapa ilipo. Kwa hiyo majabali yalibaki juu bahari iliposhuka, na Kilindini ilimezwa bahari iliporudi, na baina ya mambo hayo mawili kuna zaidi ya miaka laki moja. Wazee walioipa bandari ile jina hawakuhitaji barafu ya Kanada kujua kwamba pana kilindi.

Nilimsimulia haya ami yangu, ambaye alivua samaki maisha yake yote kutoka upande wa Mtongwe, nikitarajia kwamba atanicheka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, hilo ni kupwa na kujaa tu. Sisi twahesabu bamvua na maji mafu kwa siku za mwezi, nyinyi mwahesabu kwa maelfu ya miaka." Niliupenda mfano huo kiasi kwamba niliutumia darasani siku iliyofuata, na kwa muda ulifanya kazi nzuri kuliko mchoro wowote wa kitabuni, kwa kuwa kila mtoto wa hapa amewahi kuona ufuo ukiachwa wazi asubuhi na kufunikwa mchana. Hata hivyo, katika zoezi la mwisho wa juma, wanafunzi kadhaa waliandika kwamba zama za barafu zililetwa na mwezi. Nililazimika kutenga kipindi kizima kueleza kwamba mwezi na jua huyavuta maji yale yale huku na huko, ilhali barafu huyaondoa baharini yakawa hayapo. Ami alipoambiwa alicheka sana. Nimeendelea kuutumia mfano wake, lakini sasa nautumia pamoja na onyo.

Kwa somo la muda nilinunua kamba ya katani sokoni Kongowea, mita 46, nikainyoosha kutoka lango la shule hadi nyuma ya jiko, kila mita moja ikiwa miaka milioni 100. Mwanzo wa kamba ni mwanzo wa dunia. Madinosaria yalitoweka sentimita 66 kabla ya mwisho. Tope la Jurasiki la kule Changamwe lilikaa kiasi cha mita moja na nusu kutoka mwishoni, na wanafunzi walishangaa kwamba jiwe la zamani kiasi hicho halikufika hata karibu na katikati ya kamba. Jabali lote la Mombasa, miaka 125,000, lilitoshea katika milimita moja na robo. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, haikufikia hata sehemu ya kumi ya unene wa unywele, jambo lililomkera mwalimu mwenzangu wa Historia aliyekuwa amekuja kutazama.

Tasnifu yangu ilihusu ziara za nyanjani, na hapo nilishindwa kabla ya kufaulu. Nilipata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, nikapata ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi, nikawapeleka wanafunzi wa mkondo mmoja hadi Mama Ngina, penye mibuyu, ambapo mtu husimama juu ya jabali la matumbawe na kuona mbele yake mlango wa Kilindini. Hakuna mahali bora zaidi mjini pa kuona orodha zangu zote mbili kwa jicho moja. Meli ya makontena iliingia tulipofika, na nusu saa ya kwanza ikaenda na meli. Nusu saa ya pili ilikwenda na mihogo ya kukaanga na madafu. Niliporudi nyumbani niliandika katika daftari langu kwamba wanafunzi hawakuwa na nidhamu.

Majuma mawili baadaye nilisoma utafiti wa Orion na Hofstein wa mwaka 1994 kuhusu mambo yanayoathiri kujifunza wakati wa ziara za kisayansi, nikaifuta sentensi ile. Wanaeleza kwamba mgeni wa mahali hujishughulisha kwanza na ugeni wenyewe: hajui mahali palivyo, hajui atakachotakiwa kufanya, hajui siku itakuwaje, na hadi ugeni huo upungue hawezi kujifunza lililomleta. Dawa yake ni kuupunguza mapema, darasani. Basi kwa mkondo wa pili nilitumia vipindi viwili kabla ya safari. Niliwaonyesha picha za mahali penyewe, nikawachorea njia, nikawaambia saa ya kula na mahali pa choo, nikawaahidi dakika kumi za kutazama meli, na nikawaletea mawe kutoka nyumba iliyobomolewa ili wayashike na kuyachora hadi wayachoke.

Tofauti ilionekana kabla hatujashuka garini. Walifika wakijua wanachokitafuta. Walitambua jinsi mawimbi yalivyolila jabali kwa chini hadi limetokeza kama paa la baraza, na wakabishana iwapo bahari ya leo ndiyo iliyolila. Yule msichana wa mawe yanayoota kama muhogo alisimama muda mrefu mbele ya sehemu moja ya jabali, kisha akaniita: "Mwalimu, hili halikuletwa na wimbi. Limekaa wima, kama lilivyokuwa likikua." Alikuwa ameona tumbawe zima likiwa limesimama mahali pake pa uhai, matawi juu, shina chini, na vipande vya makombe vimejaa pembeni. Sikuwa nimewafundisha jambo hilo, na kwa kweli mimi mwenyewe sikuwa nimeliona.

Msimamizi wangu mmoja hakuvutiwa sana na sentensi ile ya msichana. Nilikuwa nimewahoji wanafunzi kwa Kiswahili, kwa sababu nilipojaribu kwa Kiingereza walinipa ufafanuzi wa kitabuni wa maneno saba na kunyamaza, ilhali kwa Kiswahili walinieleza walichokifikiria hasa. Yeye alitaka mahojiano yote yatafsiriwe na maneno ya Kiswahili yaondolewe. Nilitafsiri. "Kupwa" likawa maneno manne, "bamvua" likawa maelezo ya mstari mzima, na mtoto aliyekuwa ametoa hoja kwa sauti yake akasikika kama fomu ya serikali. Sura hiyo ililala mezani kwake miezi saba bila kusomwa, nikalipa ada ya muhula mzima nikiisubiri, na iliporudi ilikuwa na alama tatu za kalamu. Nilihitimu Desemba 2019. Bado nina kinyongo kidogo, na sioni sababu ya kukificha.

Mvulana wa dirishani nilimkuta mwaka uliopita kwenye feri ya Likoni, saa kumi na moja jioni, tukiwa tumebanwa baina ya mikokoteni na watu. Alikuwa ameshakuwa kijana wa ndevu, anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, na ni yeye aliyenitambua. Baada ya salamu nilimwambia kwamba nina deni lake. Nilimkumbusha swali, naye hakulikumbuka mwanzoni, kisha akalikumbuka akacheka. Nikamweleza yote, nikipaza sauti juu ya mngurumo wa injini: matumbawe, barafu, bahari kushuka mita 120, mito kukata, bahari kurudi. Alinisikiliza huku akiyatazama maji yaliyokuwa yakipita chini yetu, yakiwa meusi kama yalivyo hapo katikati.

"Basi, Mwalimu," akasema, "wakati huo bahari ikiwa chini, hapa tulipo palikuwa bondeni. Mtu angeteremka, avuke mto, apande upande wa pili Likoni bila feri. Mombasa haikuwa kisiwa."

Nilifungua kinywa kumjibu, lakini feri ilikuwa imeshagusa nchi kavu, mlango ukateremshwa, na watu wakaanza kusukumana kama kawaida. Alikuwa ameshatangulia hatua kadhaa kupanda mteremko alipogeuka akaniita juu ya vichwa vya watu: "Usiniambie tutalirudia baadaye!" Safari hii nilikuwa nimechukua nambari yake ya simu kabla hatujafika katikati ya maji.